Angani Hakuna pa Kushika

Jumamosi iliyopita nilishuka Katwe, hapa Kampala, kwa fundi baiskeli mmoja tunayefahamiana, nikamwomba aniazime gurudumu la mbele kwa dakika kumi. Nikashika ekseli kwa mikono miwili, huku na huku, gurudumu likiwa mbele ya kifua changu, nikamwambia kijana wake alizungushe kwa nguvu zake zote. Kisha nikajaribu kuliinamisha.

Mwenye baiskeli nyumbani na afanye hivyo hivyo, maana mikono itamweleza vizuri kuliko redio. Gurudumu lililosimama unalipinda utakavyo. Likishazunguka, lina msimamo wake. Unalisukuma liinamie kushoto, lenyewe linageuza uso kwenda pembeni, kama mtu asiyetaka kutazamwa. Na kadiri linavyokwenda kasi ndivyo linavyozidi kukataa. Fundi alilichukua akajaribu mara tatu, akamwita jirani yake anayechomelea milango naye akajaribu. Tulikaa pale karibu nusu saa, wanaume wanne na gurudumu moja.

Nilikwenda Katwe kwa sababu ya swali. Mwanafunzi wa kidato cha tatu aliniuliza: ile satelaiti ya Uganda, ilipokuwa kule juu, ilishikiliwa na nini hata isipinduke? Nimelipenda swali hilo, kwa kuwa sisi tulipoishangilia satelaiti yetu tulishangilia kurushwa. Roketi ina moto na kishindo, inapendeza kwenye televisheni. Kijana huyu akauliza kuhusu kinachofuata.

Nikumbushe kwanza. Tarehe 7 Novemba 2022, roketi ya Antares iliondoka Wallops, jimbo la Virginia, Marekani, ikiwa imebeba chombo cha mizigo cha Cygnus. Moja ya mabawa mawili ya sola ya chombo hicho likakataa kufunguka, lakini kikafika hivyo hivyo kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga. Ndani yake mlikuwa na PearlAfricaSat-1, kisanduku cha sentimita 10 kila upande, uzito wake kama pakiti ya sukari ya kilo moja. Kilitengenezwa na vijana wetu watatu, Bonny Omara, Edgar Mujuni na Derrick Tebusweke, katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu kule Japani, sambamba na ZIMSAT-1 ya Zimbabwe na TAKA ya Wajapani. Tarehe 2 Desemba vikaachiliwa kutoka sehemu ya kituo inayoitwa Kibo. Kwa Kijapani neno hilo maana yake ni tumaini. Kwetu sisi Kibo ni kilele cha Kilimanjaro, na satelaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF, ilikuwa imepitia mlango huo huo tarehe 11 Mei 2018. Sijui Mswahili gani anaweza kusikia jina hilo asitabasamu.

Sasa, kuachiliwa kwenyewe ni jambo la springi. Kisanduku hukaa ndani ya kasha, mlango unafunguliwa, springi inasukuma. Hakuna springi inayosukuma sawasawa kabisa pande zote, kwa hiyo kisanduku hutoka kikipinduka, taratibu au haraka. Huku chini kitu kinachozunguka husimama chenyewe. Hewa inakichosha na ardhi inakikwaruza. Kule juu, kilomita 400, hewa iliyobaki inatosha kuishusha satelaiti kidogo kidogo kwa miezi mingi, lakini haitoshi kuituliza. Kikitoka kikipinduka, kitapinduka leo, kesho na mwezi ujao. Ukiteleza kwenye tope la masika unashika uzio au unamshika mwenzako bega. Angani hakuna uzio wala bega.

Na kwa nini itulie? Chukua hesabu hii ndogo. Kutoka kilomita 400 juu, kamera ikikosea mwelekeo kwa digrii 1 tu, picha inahama kilomita 7 ardhini. Ikikosea digrii 3, inahama kilomita 21. Ulitaka Kampala, umepigiwa Mukono. Na hapo ni kamera iliyotulia ikakosea. Ikiwa inapinduka digrii 10 kila sekunde, basi katika sehemu moja ya elfu ya sekunde ardhi imeteleza mita 70 chini ya jicho lake, na picha inakuwa ukungu. Satelaiti yetu ilikusudiwa kutazama rutuba ya udongo, ubora wa maji, matumizi ya ardhi. Huwezi kumwambia mkulima habari za shamba lake kwa picha ya ukungu. Hata mawasiliano yanategemea hilo: kituo chetu cha ardhini kiko Mpoma, wilaya ya Mukono, na chombo cha namna hiyo kinapita juu ya upeo wetu kwa takriban dakika kumi kwa wingi. Antena ikiwa imegeukia pembeni wakati huo, umepoteza zamu, usubiri nyingine.

Visanduku vidogo kama hivyo, kwa kawaida, hushika kitu kimoja tu kilicho pale juu bila kuonekana: sumaku ya dunia. Njia rahisi ni kuweka sumaku ya kudumu ndani ya kisanduku, nacho kitajipanga kama sindano ya dira. Pembeni yake unaweka vijiti vya chuma laini. Chombo kikipinduka, vijiti vinageuzwa sumaku huku na kule, na kila vinapogeuzwa vinatoa joto kidogo sana. Joto hilo ndilo linalokula ule mzunguko, siku baada ya siku, mpaka chombo kinatulia. Hakuna kompyuta, hakuna mafuta, hakuna umeme. Njia ya pili ni koili za waya zinazotiwa umeme wa sola. Programu inapima sumaku ya dunia kila mara. Ikiona inabadilika haraka, inajua kwamba mwili ndio unaopinduka, nayo inatia umeme kwenye koili upande wa kupinga badiliko hilo.

Hapa ndipo sisi watu wa Ikweta tuna shida yetu wenyewe, na ninaomba mnivumilie, kwa kuwa sijaisikia ikisemwa redioni. Mistari ya sumaku ya dunia huko Norway inashuka karibu wima. Chombo chenye sumaku ya kudumu kikipita juu ya Norway kinasimama wima, na kamera iliyofungwa kwenye ncha inayofaa inatazama chini. Huku kwetu mistari hiyo karibu imelala. Pale Addis Ababa inalala karibu kabisa, sambamba na ardhi. Kampala ina mwinamo mdogo. Kwa hiyo chombo kile kile kikifika juu ya Uganda kinalala ubavu, na kamera iliyotazama Norway vizuri sasa inatazama upeo wa macho. Utasema basi tuifunge kamera ubavuni. Sawa, lakini sumaku inashika mhimili mmoja tu. Kuuzunguka mhimili huo chombo kiko huru kubingirika kama muchomo kwenye kijiti chake juu ya makaa: kijiti kimenyooka, nyama inageuka. Zamu hii ubavu wenye kamera uko chini, zamu ijayo uko juu. Fundi wa Ikweta analazimika kufikiri jambo ambalo fundi wa kaskazini hahitaji kulifikiri, na hilo haliwezi kunakiliwa kutoka kitabu cha mtu mwingine.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba mzunguko ni ugonjwa. Sasa turudi kwenye gurudumu la Katwe, ambalo msimamo wake wote ulitokana na kuzunguka. Wahandisi wa kwanza kabisa wa anga waliona hivyo. Walisema: kama hakuna pa kushika, basi chombo kijishike chenyewe kwa kuzungushwa, kama pia. Watoto wanajua kwamba pia iliyolala haiwezi kusimama, na ile iliyopigwa kamba ikavuma inasimama kwenye ncha ya msumari.

Marekani walifanya hivyo na satelaiti yao ya kwanza, Explorer 1, iliyorushwa tarehe 31 Januari 1958. Ilikuwa nyembamba na ndefu, urefu kama mita 2, unene kama sentimita 15, nayo ilizungushwa kwenye mhimili wake mrefu, kama mshale. Muda mfupi tu baada ya kufika juu, ikaacha kuzunguka kama mshale ikaanza kuzunguka kichwa kwa mkia, kama rungu lililotupwa. Hakuna aliyeigusa. Kosa lilikuwa antena zake nne, nyaya laini zilizokuwa zikitikisika.

Nieleze hili kwa yai. Lizungushe yai la kuchemsha mezani, linazunguka vizuri. Zungusha bichi, linasuasua kisha linasimama, kwa sababu ute wa ndani unajigongagonga na kula nguvu. Antena za Explorer zilikuwa ute wake. Ila angani kuna sharti moja zaidi. Kitu kinachozunguka kina akiba ya mzunguko, na akiba hiyo haipotei mpaka kitu cha nje kiichukue. Nguvu inaweza kuliwa na mitikisiko ya ndani, akiba haiwezi. Chombo kikipungukiwa nguvu huku akiba iko pale pale, kina njia moja tu: kutafuta namna ya kuzunguka inayotumia nguvu kidogo kuliko zote kwa akiba ile ile. Kwa kitu chembamba, namna hiyo ni kichwa kwa mkia. Baada ya funzo hilo satelaiti za kuzunguka zikafanywa fupi na nene, umbo la ngoma, kwa kuwa ngoma pana ikizunguka kwenye mhimili wake wa katikati tayari iko mahali pa mwisho. Haina pengine pa kuangukia.

Syncom 2 ya mwaka 1963 ilikuwa ngoma ya namna hiyo. Tarehe 23 Agosti mwaka huo Rais Kennedy alizungumza kwa simu na Waziri Mkuu wa Nigeria, Abubakar Tafawa Balewa, sauti zikipitia kwenye ngoma hiyo inayozunguka. Harold Rosen na wenzake waliokuwa wameibuni walikuwa na ujanja ambao bado unanifurahisha: badala ya injini nyingi za kuigeuza kila upande, kijibomba cha gesi kinachopuliza mara moja kila mzunguko, kwa sehemu ndogo ya sekunde, chombo kinapokuwa kimeelekea pale unapotaka. Mpiga pia anajua. Hupigi kamba ovyo, unangoja.

Lakini chombo cha kuzunguka ninachokipenda kuliko vyote kiliondokea kwenye pwani yetu ya Afrika Mashariki. Kaskazini mwa Malindi, baharini mbele ya Ngomeni, Waitaliano walikuwa wamesimamisha jukwaa la chuma kwenye miguu yake ndani ya maji, wakaliita San Marco. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, roketi ya Scout iliondoka pale na satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya kutazama miali ya eksirei kutoka kwenye nyota. Msimamizi wa mradi huo katika NASA alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend. Kwa heshima ya siku ile na ya wenyeji, satelaiti ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru.

Kabla ya hapo, mtu aliyetaka kuona eksirei za mbinguni kwa kawaida alirusha roketi ndogo iliyotoka nje ya hewa kwa dakika chache ikaanguka. Uhuru ikafanya kazi zaidi ya miaka miwili. Nayo ilizunguka, lakini polepole sana, mara moja kila dakika 12. Ni mara tano tu ya kasi ya mkono wa dakika kwenye saa ya ukutani. Mzunguko wa polepole hivyo hauna msimamo wa kutosha, kwa hiyo ndani yake liliwekwa gurudumu dogo linalokwenda kasi. Ndiyo, lile la Katwe. Gurudumu liliishika, mwili ukawa huru kugeuka taratibu, na macho yake mawili, yaliyotazama pande mbili zinazopingana, yakawa yanaufagia mkanda wa anga. Jicho moja lilikuwa na dirisha la nusu digrii hivi, upana wa uso wa mwezi mpevu. Wakitaka mkanda mwingine, walitia umeme kwenye koili, koili zikasukumana na sumaku ya dunia, mhimili ukainama kidogo. Mwaka 1970! Sumaku ile ile, na koili za aina ile ile wanazofunga wanafunzi leo kwenye visanduku vya kilo moja.

Wakikuta chanzo chenye jambo geni, walipunguza kasi ya mzunguko ili jicho likae juu yake muda mrefu zaidi. Ndivyo walivyogundua kwamba Centaurus X-3 inapiga kama mapigo ya moyo, kila sekunde 4.8. Ilikuwa nyota ya nutroni, kitu kizito kuliko jua letu kilichobanwa kwenye upana wa mji, kinachonyonya gesi ya mwenzake. Uhuru ndiyo iliyosaidia wanasayansi kuitambua Cygnus X-1 kuwa shimo jeusi. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Kama wasingejua chombo kimeelekea wapi kila sekunde, mapigo yale yangekuwa kelele tu zisizo na mahali.

Ninaisimulia kwa fahari, na kwa uchungu pia. Satelaiti ile ilitengenezwa na Wamarekani, ikarushwa na Waitaliano. Sisi tulitoa pwani na tukatoa neno. Ilichukua miaka 52 mpaka vijana wa Kampala waketi mezani na bisibisi, wafunge bodi na betri kwa mikono yao, wapime, wakosee, wapime tena. Kwangu, huo ndio urefu halisi wa safari, kutoka kutoa jina hadi kutoa mikono. PearlAfricaSat-1 haipo tena angani. Hewa ile nyembamba iliishusha ikaungua, kama ilivyotarajiwa kwa chombo cha kimo kile. Wale vijana wapo. Walichojifunza hakijaungua.

Na elimu hii si ya kuchezewa, hata kwa walio mbele yetu. Wajapani wenyewe, walimu wa vijana wetu, mwaka 2016 walirusha darubini ya eksirei, mjukuu wa Uhuru ukipenda, wakaiita Hitomi, yaani mboni ya jicho. Ilirushwa Februari 17. Machi 26 kompyuta yake iliamini kwamba chombo kinazunguka, ilhali kimetulia. Ikaamuru magurudumu ya ndani yapinge mzunguko ambao haukuwapo, na kwa kuupinga ikauanzisha. Magurudumu yakajaa akiba mpaka hayawezi kupokea zaidi. Chombo kikakimbilia injini zake ndogo zikiokoe, lakini namba zilizokuwa zimetumwa za kuziendesha zilikuwa na makosa, nazo zikakizungusha zaidi, mpaka mabawa ya sola yakang'oka. Tarehe 28 Aprili walitangaza kwamba wameacha kujaribu kuiokoa. Mboni ya jicho ilikuwa imeishi wiki tano na siku chache.

Nimeifikiria sana habari hiyo. Chombo kilikufa kwa kutojua kwamba kimetulia.

Kwa hiyo nikiulizwa nini kifanyike, jibu langu si roketi. Ningependa kuona meza Chuo Kikuu cha Makerere, nyingine Kyambogo, nyingine Gulu na Mbarara, juu yake kisanduku kinachoning'inia kwa uzi au kuelea juu ya hewa, kimezungukwa na koili kubwa zinazoiga sumaku ya dunia ya hapa petu Ikweta. Mwanafunzi aje akizungushe, kisha aandike programu ya kukituliza, ashindwe, aandike tena. Gharama ya meza kama hiyo si ya kutisha nchi. Kurushiwa chombo unaweza kuomba kwa rafiki. Kukituliza huwezi kuomba, maana saa nane za usiku kikianza kupinduka juu ya Bahari ya Hindi, anayeitwa kwenye simu ni wewe. Na ningependa somo hilo lisemwe pia kwa Kiswahili, lugha ambayo Baraza letu la Mawaziri liliidhinisha iwe lugha rasmi mwezi Julai 2022, miezi minne kabla ya Antares kuondoka.

Kijana wangu wa kidato cha tatu, najua unasikiliza. Tafuta sumaku kali ya umbo la kijiti, yenye ncha moja kila upande. Ishike kwa uangalifu, inabana vidole. Ifunge katikati kwa uzi mwembamba, uitundike darini mbali na vitu vya chuma, uiguse kidogo. Itayumba na kujizungusha kwa muda mrefu sana. Sasa chukua sufuria ya alumini, nene, igeuze, uisogeze chini ya sumaku karibu kabisa bila kugusana. Alumini haishikwi na sumaku, unalijua hilo. Tazama yumbayumba ile inavyokufa kwa muda mfupi, kana kwamba hewa imegeuka asali. Mwendo wa sumaku unaamsha umeme ndani ya sufuria, umeme unapinga mwendo, na nguvu yote inaishia kuwa joto dogo usiloweza kulihisi kwa mkono.

Subiri mpaka itulie kabisa. Ncha yake moja itakuwa inaelekea kaskazini, Bombo, ikiendelea Gulu. Weka alama ya chaki ukutani, upande huo, kisha iguse tena.